Nimeacha ugali wa mchana wiki tatu, lakini saa nane bado nasinzia mezani

#1 Karani wa Bohari

Habari za wakati huu, wanajamvi. Tangu nianze kazi ya ofisini nimekuwa nikiambiwa kwamba usingizi unaonishika mchana unaletwa na ugali, nami niliamini, kwa sababu kila niliposinzia sahani ilikuwa imeondoka mbele yangu muda si mrefu. Wiki tatu zilizopita niliamua kulimaliza shauri hili kwa vitendo. Chakula changu cha mchana kimekuwa ndizi mbivu mbili na karanga za kuchemsha, na siku nne kati ya hizo sikutia kitu kinywani isipokuwa maji. Pamoja na hayo yote, ifikapo saa nane kasorobo macho yanakuwa mazito vilevile, mstari mmoja wa leja nausoma mara tatu, na jana niliandika hesabu ya mifuko ya saruji katika safu ya mabati. Saa kumi, nikiwa nimeshapanda daladala, akili inarudi kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Dai langu ni kwamba ugali unasingiziwa. Swali langu ni hili: ninyi mnarudishaje nguvu mchana, bila vile vinywaji vya makopo, na bila mkubwa wa kazi kuwakuta mmelaza kichwa juu ya faili?

#2 Mpiga Zumari

Ugali ukifungua kesi ya kuchafuliwa jina, niiteni niwe shahidi wake. Naweka kigoda hapa nisome.

#3 Darubini

Karani, jaribio lako limekupa jibu ambalo wataalamu wa usingizi wanalifahamu siku nyingi. Mwili una saa yake ya ndani, na waliogundua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa na jeni ndani ya seli, yaani Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2017. Saa hiyo huteremsha uchangamfu wetu mara mbili kwa siku: mteremko mkubwa ni wa usiku wa manane kuelekea alfajiri, na mteremko mdogo huja mchana, takriban kati ya saa saba na saa kumi. Huu wa pili humfikia hata mtu ambaye hakula. Chakula kizito huuongezea uzito, lakini hakiuanzishi. Ndiyo maana ndizi zako mbili hazikukuokoa, na ndiyo maana unazinduka saa kumi bila kufanya lolote.

#4 Mwana wa Gerezani

Tusiwachanganye watu kwa habari za Nobeli. Jambo hili lina maelezo mepesi ambayo tulifundishwa shuleni: ukila, damu inakimbilia tumboni kusaga chakula, ubongo unabaki na damu chache, usingizi unakuja. Dawa yake ni kula kidogo.

#5 Mama Ntilie Mstaafu

Wanangu, nimewauzia watu chakula cha mchana kwa miaka kumi na tisa, na niliyoyaona kwenye benchi langu hayakuhitaji darubini. Aliyeagiza wali wa kulundika, maharage, na soda baridi ya kushushia, alikuwa akiegemea nguzo kabla sijamrudishia chenji. Aliyekula samaki, mboga na tonge chache za ugali wa dona alilipa, akanawa, akaondoka akipiga mluzi. Fundi mmoja wa cherehani alikuwa na desturi ya kula nusu ya sahani saa saba na kuniwekesha nusu iliyobaki mpaka saa tisa, na katika muda wote niliomjua sikumwona akisinzia.

Hata hivyo, wale waliojinyima kabisa kwa kukosa fedha nao walilegea vilevile. Wahenga walikwisha kusema yote mawili kwa mkupuo mmoja: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Karani ameacha ulevi akahamia kwenye ulegevu, halafu anashangaa.

#6 Darubini

Shikamoo, mama. Hapo kwenye njaa umenipata, kwa kuwa zile siku nne za maji matupu si kipimo kizuri.

Lakini Mwana wa Gerezani (#4) naomba nimsahihishe. Ni kweli kwamba damu inayokwenda tumboni huongezeka baada ya kula, ila ubongo haunyang'anywi fungu lake. Moyo huongeza kazi, na mishipa ya ubongo hujirekebisha yenyewe ili mtiririko usipungue. Maelezo yanayozungumzwa zaidi sasa yanahusu oreksini, kemikali ya ubongo iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo kazi yake mojawapo ni kutuweka macho. Katika majaribio ya panya, seli zinazoitoa zilitulia glukosi, yaani sukari ya damu, ilipopanda, na zilichangamshwa na viini vya protini. Kwa binadamu mambo si mepesi kiasi hicho, lakini yanaoana na samaki wa mama wa #5.

#7 Bi Kailula

Mimi niko Unguja, na ninashangaa kuona jambo lenye jina linajadiliwa kama halina jina. Hiyo ni kailula, usingizi mfupi wa mchana. Ukipita Darajani au ndani ya Mji Mkongwe adhuhuri, utakuta maduka mengi yamefungwa milango, na yatafunguliwa alasiri jua likishapungua makali. Marehemu bibi yangu alikuwa akitandika mkeka barazani upande wenye upepo, anajinyoosha bila kujifunika, na anaamka mwenyewe kabla ya adhana ya alasiri. Watoto tulikatazwa kucheza karibu. Ila kulala baada ya alasiri alikukataza kabisa; alisema anayelala wakati huo huamka na kichwa kizito na usiku humgombanisha na kitanda chake.

Ninyi wa bara mmeirithi saa ya kazi ambayo haimjui kiumbe anayeitwa jua la saa saba, kisha mnatafuta kosa kwenye sufuria.

#8 Mkaazi wa Rongai

Salamu kutoka Kenya. Huku ofisi nyingi zinafungwa saa kumi na moja jioni, na wokovu wetu ni chai ya maziwa ya saa kumi, ambayo kwa maoni yangu huja ikiwa imechelewa, kwa kuwa vita vyenyewe vilipiganwa saa nane.

Nina swali kwa Karani kabla hatujaendelea na panya na mikeka. Unaamka saa ngapi? Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja kasoro alfajiri ili niitangulie foleni ya kuingia Nairobi. Nilihangaika na uchovu wa mchana miaka mingi mpaka nilipopewa likizo ya mwezi mzima. Wiki ya pili ya likizo, nikilala mpaka saa moja, usingizi wa mchana ulikwisha, na chakula nilikuwa nakula kilekile, mara nyingine kingi zaidi.

#9 Karani wa Bohari

Nashukuru kwa michango. Ndugu wa Rongai umegonga mlango wenyewe. Ninaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ofisi yetu inafungua saa moja na nusu. Ninaamka saa kumi usiku. Kulala ni saa tano, wakati mwingine saa tano na nusu, kwa sababu ya taarifa ya habari, watoto, na joto.

#10 Mpiga Zumari

Saa tano kasoro za usingizi! Na kwa wiki tatu mshtakiwa alikuwa ugali. Fidia ilipwe kwa magunia.

#11 Nyanda za Juu

Naomba kupinga kidogo. Ninafundisha shule ya sekondari mkoani Njombe, nyumba ya walimu iko hatua mia mbili kutoka darasani, na baridi ya huku humfanya mtu aingie kitandani saa tatu usiku. Ninalala kwa muda wa saa nane kamili. Hata hivyo kipindi cha saa nane mchana ninafundisha nikiwa nimesimama karibu na dirisha, kwa kuwa nikikaa tu nimekwisha, na wanafunzi wenyewe wanaanguka kama migomba iliyokatwa. Kwa hiyo si foleni, wala si joto. Kwetu sisi maelezo ya #3 yanasimama yenyewe.

Ninachofanya ni kutoka nje. Baada ya chakula ninazunguka uwanja wa mpira mara mbili, kama dakika kumi na tano, juani, bila simu. Nilianza kwa sababu daktari alinieleza kwamba kutembea baada ya kula huzuia sukari ya damu isipande sana, na mwanga mkali wa nje huuambia ubongo kwamba bado ni mchana. Siku za mvua, nikibaki ofisini, tofauti ninaiona waziwazi.

#12 Buni Mbichi

Mnazungumzia chai mbele ya mtu wa Bukoba? Kwetu kahawa haikuanzia kwenye kikombe. Buni za robusta huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, kisha hutafunwa; ndiyo akamwani, ambayo mgeni hupewa kabla ya kuulizwa habari za safari. Baba yangu alikuwa akiweka chache kwenye mfuko wa shati na kutafuna mbili tatu baada ya chakula cha mchana. Robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, kwa hiyo hizo mbili tatu si mchezo wa watoto.

Karani, acha ndizi, tafuna buni.

#13 Muuguzi wa Zamu

Buni, sikukatalii akamwani, ila saa ya kuitumia ina maana kubwa kuliko unavyodhani. Uchovu hujengwa na adenosini, ambayo hurundikana ubongoni kadiri tunavyokaa macho, na kafeini haiiondoi. Hukalia tu nafasi zake ili isisikike. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi alasiri kinakuachia nusu yake saa tatu usiku, unachelewa kulala, unaamka umechoka, na kesho unahitaji kikombe kikubwa zaidi. Wako wengi ambao uchovu wao wa mchana unatengenezwa na kahawa ya jana. Ninajisema na mimi, kwa kuwa niliishi hivyo miaka miwili ya zamu za usiku.

#14 Buni Mbichi

Baba yangu alilala saa mbili usiku na akamwani yake tumboni, akakoroma mpaka jogoo. Ila nakubali kwamba matumbo na vichwa havifanani.

#15 Rubani wa Kiti cha Dirishani

Suluhisho lipo na lilithibitishwa na NASA: marubani walipangiwa kulala dakika 26 kamili na ufanisi wao ukapanda. Weka kengele ya simu dakika 26, usizidishe hata moja.

#16 Darubini

Hiyo dakika 26 imesafiri sana mitandaoni hadi ikawa amri. Utafiti ule wa miaka ya 1990 uliwahusu marubani wa safari ndefu za kuvuka Bahari ya Pasifiki. Walipewa nafasi ya kupumzika ya dakika 40 kwa zamu, wenzao wakishika usukani, na walipopimwa ikaonekana walilala kwa wastani wa dakika 26. Ni wastani uliotokea wenyewe. Jambo la maana ni kutozama. Ukizidisha nusu saa unaelekea kuingia usingizi mzito, na ukiamshwa humo unakuwa mtu wa kuulizwa jina mara mbili. Bibi wa #7, aliyelala bila kujifunika na kuamka mapema, alikuwa anafuata kanuni hiyohiyo bila kengele.

#17 Dereva Mstaarabu

Niongeze la kwangu, maana kwangu mimi kusinzia si aibu ya ofisini bali ni kaburi. Ninaendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kipande cha hatari kwangu huwa ni mchana baada ya kula, barabara ikiwa imenyooka na jua linapiga kwenye kioo. Kufungua dirisha, kupandisha redio, kutafuna karanga, kujipiga makofi, yote nimeyafanya, na yananipa dakika chache tu za kujidanganya.

Nilichofundishwa na dereva mzee ni kuegesha mahali salama, kunywa kahawa chungu vikombe viwili vidogo kwa haraka, kisha kuegemeza kiti na kufumba macho robo saa. Nilimcheka, nikidhani kahawa itanizuia kulala. Kumbe kafeini huchukua karibu nusu saa kufanya kazi vizuri, kwa hiyo unaamka wakati ndiyo kwanza inaingia.

#18 Muuguzi wa Zamu

Dereva, mzee wako hakuwa peke yake. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha jaribio la namna hiyohiyo kwa watu waliolala muda mfupi usiku uliotangulia: miligramu 150 za kafeini, kisha usingizi usiozidi dakika 15, halafu kuendesha mchana kwenye mtambo wa kuigiza barabara. Waliofanya vyote viwili walisinzia kidogo kuliko waliopata kafeini peke yake, na hata walioshindwa kulala, wakabaki wamefumba macho tu, walinufaika. Hilo la mwisho liwafikie wanaosema hawawezi kulala mchana.

#19 Mwana wa Gerezani

Nimekubali kusahihishwa kuhusu damu ya tumboni. Lakini mbona hakuna aliyetaja joto na maji? Kwetu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwezi wa Januari kipimajoto kinafika nyuzi 32, paa ni bati, na fundi anayechomelea ametoka jasho tangu asubuhi kwa chupa moja ya maji. Tukigawana maji ya kutosha kabla ya saa sita, ugomvi wa mchana unapungua. Na udi wa ndimu na chumvi kidogo ndani yake unatusaidia zaidi kuliko soda.

#20 Mpiga Zumari

Udi wa ndimu? Huo unachomwa au unanyweka?

#21 Mwana wa Gerezani

Maji ya ndimu. Nimeandika saa nane na dakika kumi, nivumilieni.

#22 Mtoro wa Maskati

Kuhusu joto, huku Omani halikuachiwa mashauri ya mtu na mtu. Kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za nje kama za ujenzi husimamishwa kwa amri ya serikali kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Sisi wenye asili ya Unguja tunaiona kailula ya bibi yake Bi Kailula (#7) imevaa sare. Nyumbani kwangu desturi ni chakula, sala, dakika ishirini za mkeka, kisha kahawa yenye iliki na tende mbili. Kutia udhu kwa maji baridi peke yake kunazindua nusu ya kichwa.

Mwezi wa Ramadhani ndipo unapowajua watumwa wa kahawa, kwani siku mbili tatu za mwanzo mchana wao ni maumivu ya kichwa matupu. Walio na akili huanza kupunguza vikombe tangu Shaabani.

#23 Binti wa Mwanza

Wadau, wote mnazungumza kana kwamba uchovu una mlango mmoja. Nilikuwa na uchovu huu mwaka mzima, nikala kidogo, nikatembea, nikalala mapema, na bado nilipanda ngazi nikihema. Nilipopimwa, wingi wa damu ulikuwa gramu 9 kwa desilita, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito hautakiwi kushuka chini ya 12. Nilikuwa nashushia kila mlo kwa chai ya rangi iliyokolea, jambo ambalo nilielezwa kwamba huzuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yasifyonzwe vizuri. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikahamisha chai mpaka saa moja baada ya chakula, na miezi mitatu baadaye mchana wangu ulirudi.

#24 Muuguzi wa Zamu

Asante sana, dada. Nami niongeze wanaokoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, ambao hulala kwa muda wa saa nane wakaamka kama waliopigwa, na wenye kiu na haja ndogo za mara kwa mara, ambao wapime sukari. Hao hawatibiwi na mkeka.

#25 Kijana wa Pikipiki

Mtoa mada amevikataa vinywaji vya makopo, lakini kijiweni kwetu bila kopo mbili mtu hafiki jioni. Na wenzetu wa Meru wana miraa yao. Tusinyanyapae.

#26 Mkaazi wa Rongai

Miraa tuachie sisi, kwenu mirungi ni jela. Tena inakunyima hamu ya kula na usingizi wa usiku, kisha kesho yake mchana inakudai.

#27 Muuguzi wa Zamu

Kijana, kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80 hivi za kafeini, karibu sawa na kikombe kimoja cha kahawa. Kinachokuongezea mzigo ni sukari iliyomo, na kwamba linashuka kooni kama maji. Makopo mawili juu ya tumbo tupu, ukiwa na abiria nyuma, hayalipi usiku ambao hukulala.

#28 Karani wa Bohari

Wadau, nimerudi na taarifa ya wiki moja. Nimekula ugali wa dona, kiasi cha ngumi moja, na dagaa. Nimeanza kulala saa nne usiku, ingawa nimefaulu siku tatu tu. Saa saba na nusu ninakunywa kahawa chungu kwa muuza kahawa wa nje ya geti, bila kashata, kisha ninakwenda bohari na kujilaza juu ya magunia matupu kwa robo saa. Siku ya kwanza mkubwa wa kazi alinikuta, akasimama, akaniuliza kama ninahesabu mzigo kwa mgongo. Siku ya tatu alikuja na gunia lake.

Kwa kweli nina nafuu kubwa. Saa nane na nusu ninasoma mstari mara moja.

#29 Darubini

Hongera, ila kama kipimo umekiharibu. Umebadilisha chakula, saa ya kulala, kahawa na magunia kwa wiki moja. Hutajua kilichokusaidia ni kipi.

#30 Mama Ntilie Mstaafu

Ni ngumi moja ya dona.

#31 Bi Kailula

Ni magunia, mama. Na mkubwa wake anajua.

#32 Mkaazi wa Rongai

Ni zile siku tatu za saa nne usiku. Subirini mvua zianze Chanika na foleni irefuke, mtaona.

#33 Mpiga Zumari

Mimi nina swali moja la kando. Ile mifuko ya saruji iliyoingia safu ya mabati, ilikwisha kurudishwa mahali pake?

#34 Karani wa Bohari

Bado naitafuta. Mkaguzi anakuja Jumatatu, saa nane mchana.